Halte Ambayo Birindwa Hakuitoa

Harufu ya limau na majivu iliingia nyumbani kwa Birindwa, pale Majengo, siku ya Jumatatu saa kumi ya jioni. Mkewe Thérèse alifungua kabati, akainua sufuria, akanusa hadi viatu vya mumewe. Nyumba nzima haikuwa na limau hata moja.

Birindwa aliijua harufu ile. Kwa majivu na limau ndivyo vijana wa fanfari, bendi ya parokia, walivyosugua tarumbeta zao, enzi zile yeye akiwa chef, kiongozi wao, mwenye miaka kumi na tisa na kofia ya manyoya ya jogoo.

Na fanfari hiyo, jamani, aliipenda. Mpe chai tu, atakueleza yote: vijana kumi na wawili pamoja naye, soksi nyeupe, Daniella akipuliza tarumbeta hadi mishipa ya shingo imsimame, Kambere akitwanga ngoma kubwa, akina mama wakitoka jikoni na mikono ya unga kuwapigia vigelegele. Binti yake Olive, wa miaka kumi na mitatu, alipojiunga na fanfari mpya, baba mtu alisimulia siku tatu mfululizo. Jirani yao Mama Kahindo, mjane muuza makaa, hakukosa hata siku moja. Kambere alikuwa mwanawe, na katika masimulizi ya Birindwa alikuwa bado anapiga ngoma.

Hadithi iliishia palepale kila mara: Kalengera, mwaka wa tisini na sita, walikokuwa wamealikwa kwenye sikukuu, vita vikawakuta. "Tulitawanyika," Birindwa angesema, kisha angeomba chai nyingine.

"Pengine Kambere alivuka Uganda," Mama Kahindo angesema. "Siku moja atarudia."

"Atarudia, mama," Birindwa angejibu, macho ndani ya kikombe.

Jumanne, saa ileile, ilikuja miguu. Kwa, kwa, kwa, kwa, nje, juu ya changarawe.

"Papa Olive," Thérèse alinong'ona, "nani iko anapiga miguu mu lupango?"

Birindwa alifungua mlango. Uani, mle lupangoni, hapakuwa na mtu. Ila vijiwe vyeusi vya volkano vilikuwa vinaruka na kutulia, vinaruka na kutulia, mahali pamoja, upana wa viatu viwili. Akafunga mlango.

"Ni upepo," alisema. Upepo wenye viatu! Lakini njia ya mwongo ni fupi, na ya Birindwa ilikuwa imebaki siku mbili.

Jumatano Olive alirudi kutoka mazoezini, akaweka mfuko chini, akaanza kuinua miguu. Kushoto, kulia. Kushoto, kulia. Hakwenda mbele wala nyuma.

"Olive, inatosha," mama yake alisema.

"Siwezi kusimama, mama. Chef hajasema bado."

Walimkalisha, miguu ikaendelea. Walimlaza, kitanda kikatikisika kwa mwendo uleule. Alhamisi adhuhuri nyayo zilikuwa zimechubuka, sakafu ya saruji ina damu, na mtoto analia bila kukosea hatua hata moja. Thérèse akakimbilia Munigi kumwita Mama Dancille, mama wa maombi aliyekuwa akiwaombea wakimbizi waliokuwa wamejaa huko kambini.

Mama Dancille alinyunyiza maji ya baraka, akasali rozari nzima. Miguu haikujali. Mwishowe alifunga kitabu chake, akasikiliza kwa muda mrefu, huku changarawe nje na nyayo za Olive ndani zikilia pamoja.

"Muzee," alimwambia Birindwa taratibu, "huyu hakuya kusumbua. Iko anangojea. Ulimuacha wapi?"

Birindwa alikwenda dirishani, akavitazama vile vijiwe vikiruka.

"Ni Daniella," alisema. Kisha, bila kumtazama mkewe, alieleza jinsi risasi zilivyokaribia nyuma ya ukuta wa shule kule Kalengera, na Daniella akawa anatetemeka, naye akamfanyia lile alilolijua la kuondoa hofu, akamwamuru apige miguu palepale, polepole, asisimame mpaka asikie amri ya halte, wakati yeye anatafuta gari. Na lori akalipata, likiwa na nafasi ya mtu mmoja, na dereva hakungoja, na yeye akapanda, na lori lilipoondoka akaisikia bado ile miguu nyuma ya ukuta, na sauti ya kuita alikuwa nayo, na hakuita.

"Juu ya nini hakukimbia?" Thérèse aliuliza.

"Nilimufundisha mimi mwenyewe. Mutu asivunje mustari mupaka chef aseme."

"Na bale bengine?" Mama Dancille aliuliza.

"Tulitawanyika."

"Basi muambie asimame."

Birindwa aliunganisha visigino, akanyoosha mgongo. "Daniella," aliita, "halte!"

Mguu wa kushoto wa Olive ulishuka, haukuinuka tena. Changarawe ilitulia. Thérèse alimkumbatia binti yake, akalia kwa furaha, na kwa pumzi chache nyumba ile ilikuwa nyumba ya watu.

Halafu, katika ukimya ule, wakasikia kile ambacho miguu ya Daniella ilikuwa imekifunika muda wote: nyuma ya nyumba, kando ya ukuta wa mawe, miguu mingine, mingi, ikishuka kwa pamoja bila hata mmoja kuchelewa, na katikati yake ngoma kubwa ikipiga taratibu, taratibu, jinsi mtu anavyopiga akiwa amechoka na hajaruhusiwa kuacha, na Olive, macho amefumba kifuani mwa mama yake, akainua tena mguu wa kushoto.

"Papa Olive," Thérèse alisema, na haikuwa tena sauti ya mke kwa mumewe. "Mulikuwa bangapi nyuma ya ule ukuta?"

Kabla hajajibu, mlango ulisukumwa. Mama Kahindo alisimama pale, mikono myeusi kwa makaa, kichwa amekiinamisha kusikiliza.

"Ile mukono ya kupiga ngoma ni ya Kambere," alisema. "Mimi ni mama yake, naijua." Kisha akamgeukia Birindwa. "Uliniambia mulitawanyika. Kila mwaka nakuuliza, kila mwaka unaniambia atarudia."

Birindwa aliitazama damu iliyokuwa sakafuni. "Bote kumi na moja," alimjibu mkewe, bila kumtazama yule mama. Aliunganisha visigino.

"Kambere," alisema, "halte."

Ngoma ikanyamaza. Mama Kahindo akakaa chini palepale mlangoni, bila kelele, kama mtu aliyeambiwa apumzike. Olive aliendelea kupiga miguu. Nje walibaki tisa, na langoni akina mama wengine walikuwa wameanza kufika, kila mmoja akisikiliza hatua za wa kwake.