Glavu Nyekundu ya Duoduo

Sikukuu ya barafu ilipofunguliwa mjini Harbin, kaskazini mwa China, mwaka ule, Yuzhen alimpeleka binti yake Duoduo kutazama sanamu, kama walivyofanya majirani wote. Giza lilikuwa limeingia mapema, kawaida ya majira yale, na taa zilizofichwa ndani ya barafu zilikuwa zimewashwa: majoka ya kijani, minara ya waridi, ngome nzima ya buluu. Duoduo alikuwa anakula matunda ya sukari kwenye kijiti, mashavu yote yananata, na Yuzhen alifurahi kumwona anacheka. Mumewe, Shuangxi, alikuwa amezama Mto Songhua majira ya baridi yaliyopita akikata barafu. Maiti haikuonekana.

Penye ngome wakamkuta shemeji yake Baoku, mdogo wa Shuangxi, naye mkata barafu. Hakuwa na raha.

"Shemeji, kaka umemchomea nguo?"

Kila baridi inapoanza, watu wa pale huwachomea marehemu wao nguo za karatasi, wasitetemeke huko waliko.

"Nimchomee, kwani amekufa? Wewe mwili umeuona?"

Baoku akainamisha kichwa. "Mto umechelewa kuganda, barafu nene ilikuwa sehemu moja tu. Bosi katubana, tukakata palepale alipozama." Akashusha sauti. "Barafu yake ndiyo ukuta huu, shemeji."

Yuzhen akageuka amwambie mtoto waondoke. Mtoto hakuwepo.

Walimkuta nyuma ya ngome, hana koti. Koti lilikuwa chini ya ukuta, limekunjwa vizuri, na kofia juu yake. Mkono wa kulia wenye glavu nyekundu ulikuwa umeganda kwenye barafu.

"Vaa koti, mwanangu."

"Ni la baba. Anasikia baridi."

Yuzhen akamfunika koti kwa nguvu, akauvuta ule mkono. Haukutoka. Baoku akaumwagia chai ya moto kutoka kwenye chupa yake. Chai ikaganda. Midomo ya mtoto ilikuwa imebadilika rangi, na kutetemeka alikuwa ameacha.

"Amenishika," Duoduo alinong'ona.

"Mwite," Baoku alisema. "Nakuomba, shemeji. Mwite kama wanavyoitwa marehemu, umwambie amekufa."

Mwaka mzima Yuzhen alikuwa akimwekea mumewe bakuli mezani kila jioni. Alimpenda, na kulitamka neno lile aliliogopa kuliko kitu chochote. Akapiga magoti kwenye theluji.

"Shuangxi, umekufa. Mume wangu, umekufa. Nguo nitakuletea. Mwachie mtoto."

Taa za ukuta zikazimika. Zikawaka. Mkono wa Duoduo ukachomoka, mtupu, bila glavu.

Kesho yake asubuhi Yuzhen alichoma nguo kando ya mto, koti, suruali na viatu vya karatasi, akalia kwa sauti kwa mara ya kwanza. Duoduo alikuwa nyumbani kwa bibi yake, amekula uji wote, hajambo. Yuzhen akapitia kwenye ngome na Baoku kuitafuta glavu.

Chini haikuwepo. Ilikuwa ndani ya ukuta, mbali kuliko mkono wa mtu unavyoweza kufika, na barafu haikuwa na ufa wala tundu. Baoku aliipapasa yote, akarudi nyuma.

Yuzhen alisogeza uso karibu. Glavu ile ya mtoto wa miaka sita ilikuwa imetuna, vidole vyote vitano vimejaa na kukunjwa, kana kwamba mkono wa mtu mzima umo ndani. Nguo za karatasi zilikuwa zimeshateketea, lakini ngumi ilikuwa bado imefumbwa, haijaachia.