Supu ya Nyuzi

Jua lilikuwa linazama nilipokwenda kuchukua gitaa la marehemu mwalimu wangu. Kazi ndogo tu: kufika, kutoa pole, kubeba mzigo na kurudi kabla mume wangu hajafunga saluni yake ya kunyoa. Nilibeba na glavu za mpira. Mume wangu aliniita Bi Kinyaa, na jina hilo sikulikataa, maana mimi nikikuta unywele kwenye sabuni, sabuni ile ndiyo basi tena.

Napiga besi. Ni lile gitaa la nyuzi nne nene ambalo watu hawalisikii mpaka linyamaze. Nayakusanya pia, yaliyovunjika shingo na yaliyokatika waya, pamoja na amplifaya zake. Nayatengeneza, nayasugua, nayatundika ukutani chumba cha nyuma. Mwalimu wangu, tuliyemwita Babu Besi, alikuwa kinyume changu kabisa. Hakuwahi kubadilisha nyuzi. Hakuwahi hata kuzifuta.

"Uchafu ndio sauti, binti," alikuwa akiniambia.

Na kabla ya kila wimbo aliramba vidole vyake, kimoja kimoja, taratibu, huku mate yakivutika. Nilikuwa naangalia pembeni. Lakini haki ya mtu mpe: sauti ile hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Ilikuwa inaingia tumboni kabla ya kufika masikioni.

Mjane wake alinifungulia mlango nusu. Nikamwamkia, akaitikia kwa kunong'ona kana kwamba kuna mtu amelala ndani. Gitaa na amplifaya alikuwa ameviweka nje, karibu na choo, amevifunika gunia. Gitaa alilishika kwa mikono aliyoivisha mifuko ya plastiki. Nikafurahi kimoyomoyo, nikaona nimepata mwenzangu.

Nilimuuliza kama hataki kubaki nalo kwa kumbukumbu. Akatema mate pembeni.

"Zichemshe hizo nyuzi, mwanangu. Si ndivyo mnavyofanya?"

Nikashangaa amejuaje. Ni kweli wapiga besi tuna mchezo huo. Nyuzi zikizeeka tunazichemsha kwenye maji, mafuta na jasho vinatoka, na sauti inarudi kuwa kali. Babu Besi alikuwa akisikia habari hiyo anakasirika siku nzima.

Kisha mjane akaniuliza ninaishi na nani. Nikamwambia na mume wangu.

"Mnakula pamoja?"

Nikadhani ni upweke unamsemesha. Nikamjibu kwamba ndiyo, tunakula pamoja. Akanishika bega, akaingia ndani, na nikasikia akifunga komeo la juu na la chini.

Nyumbani nilianza na amplifaya. Nikaiwasha kuijaribu. Ilikaa kimya kidogo... halafu ikapumua. Sina neno lingine. Kitambaa cha mbele ya spika kilifutuka, kikarudi, na hewa iliyotoka ilinuka mdomo wa mtu aliyeamka sasa hivi. Nikaizima haraka. Nikajiambia ni vumbi limepata moto.

Nikavaa glavu, nikafungua nyuzi. Zilikuwa nyeusi na zinateleza. Kila nilipopitisha kidole kilitoka na utando, na katikati ya mizunguko ya waya kulikuwa kumejaa vipande vyeupe vya ngozi ya vidole. Niliupinda uzi mmoja, ukatoa unyevu. Mwenyewe alikuwa ameshazikwa, matanga yameshaondolewa, na uzi wake ulikuwa bado unatoka jasho. Matapishi yakanijia mdomoni, nikayameza, na hilo nalo likanitia kinyaa.

Nina sufuria maalumu ya kazi hiyo. Mpini wake nimeupaka rangi nyekundu ili isichanganyike na za chakula. Mume wangu aliijua vizuri. Hata kuisogeza alikuwa anatumia kijiti, akisema ina jasho la wanamuziki wote wa dunia. Nikaitia maji, nikazitumbukiza nyuzi, nikawasha jiko.

Maji yakachemka.

Mafuta yakapanda juu. Hayakuwa matone. Lilikuwa tabaka zima, la manjano, zito, na ndani yake vilielea vitu vyembamba vilivyopinda kama kucha. Harufu ikaanza kupanda... nyama. Nyama iliyolala. Nilifungua madirisha yote nikaziba pua kwa khanga.

Ndipo nikasikia mchakacho chumba cha nyuma.

Mende. Wao hupenda kulala ndani ya amplifaya kwa ajili ya joto, hilo mimi nimelizoea. Lakini hawa walikuwa wanahama. Walitoka nyuma ya amplifaya ya Babu Besi, weusi, wengi hata sakafu haikuonekana, wakapita koridoni, wakatoka kwa mlango wa mbele bila hata mmoja kugeuka. Mimi nilikuwa juu ya kiti na ufagio mkononi, sijaua hata mmoja. Ile harufu hata mende iliwatia kinyaa.

Niliposhuka na kurudi jikoni, mume wangu alikuwa ameshaingia kwa mlango wa nyuma. Amesimama mbele ya jiko na koti lake jeupe la saluni, ananukia poda na spiriti. Mkononi ana upawa.

"Bi Kinyaa," akasema, "supu tamu hivi ulikuwa unamficha nani?"

Kidevu chake kiling'aa mafuta. Nyuzi alikuwa amezitoa na kuzipanga mezani, zimelambwa safi.

Nilimwambia kwa sauti ndogo autazame mpini. Akautazama. Akanitazama na mimi, kwa upole kabisa, akainua sufuria kwa mikono miwili na kuimalizia. Nikasikia kitu kikivunjika kati ya meno yake.

Kitu chembamba.

Nilimburuta mpaka bafuni, nikamtia vidole kooni, mimi ambaye hata kikombe chake sikunywea. Hakikutoka kitu. Alinisubiri nimalize, akajifuta mdomo kwa kiganja, akaenda chumba cha nyuma na zile nyuzi.

Mume wangu hana mdundo, lazima hili ulijue. Kwenye harusi yetu alipiga makofi ovyo mpaka mama yangu akamshika mikono. Gitaa alikuwa hajui lishikwe wapi. Lakini nilisimama mlangoni nikamwona akifunga nyuzi moja baada ya nyingine, akizikaza kwa kusikiliza tu, bila kutazama. Akachomeka waya. Akawasha amplifaya. Ikapumua. Akakaa kitini, akainua mkono wa kulia.

Akaramba kidole.

Na cha pili.

Na cha tatu, taratibu, mate yakavutika.

Sauti ikaniingia tumboni. Niliijua. Nilikuwa nimeililia makaburini sauti hiyo.

"Uchafu ndio sauti, binti," akasema.

Nilikimbilia simu, nikampigia mjane. Alipokea upesi, na mimi sijasema neno akauliza kwa kunong'ona:

"Amekunywa?"

Nilimuuliza ni nani yule aliyekaa kwenye kiti changu. Akasema hajui. Yeye aliolewa na fundi saa, mtu wa mikono myepesi, hata ngoma hakujua kupiga. Siku moja fundi saa akanunua gitaa kuukuu, akachemsha nyuzi zake, na yeye alikuwa nje anafua. Aliporudi ndani alimkuta mumewe anakunywa. Tangu siku hiyo alilala na mgeni, akampikia mgeni, akazeeka na mgeni, mpaka akamzika.

Nilimuuliza ilikuwaje gitaa anipe mimi.

"Tangu tumzike, zile nyuzi zilianza kunukia supu," akasema. "Nikawa naona njaa, mwanangu."

Nikamuuliza swali moja tu lililobaki. Nikizichemsha tena, akanywa mtu mwingine... mume wangu atarudi?

"Sikujaribu wangu akiwa hai," akasema. "Sikuwa na moyo huo." Kisha akakata, na simu yake haikupatikana tena.

Saluni imefungwa. Vidole vya mume wangu, vilivyokuwa laini kama vya mtoto, vimeota sugu nene za manjano, na zinapobanduka anazila. Haogi. Nguo zake nazifua kwa kijiti. Bendi yetu haijawahi kusifiwa hivi, watu wanasema Babu Besi amefufuka, na mimi nasimama pembeni ya jukwaa, yeye akipiga mahali pangu. Ila akilala, mara nyingine, mkono wake wa kulia unafunguka na kufumba, unafunguka na kufumba, kama umeshika mkasi. Yumo humo ndani. Mume wangu yumo, ananyoa watu gizani, na mimi namsikia.

Jioni hii kuna dada amebisha hodi. Anapiga besi kwenye kwaya. Alikuwa anapita barabarani akasikia sauti ikitoka dirishani, akashindwa kupita. Dada msafi, kucha fupi, viatu vimepigwa rangi. Akaniuliza kwa heshima kama gitaa hilo linauzwa, au walau kama anaweza kulishika tu. Nikamwambia kwanza nyuzi zake zinahitaji kuchemshwa.

Kisha nikausikia mdomo wangu mwenyewe ukimuuliza anaishi na nani.

"Peke yangu, dada."

Chumba cha nyuma muziki ukakoma. Kimya... halafu ulimi. Kidole kimoja. Na cha pili.

Nilimfungulia mlango wote. Sufuria ya mpini mwekundu ilikuwa imeshawekwa jikoni, na sikumbuki kama ni mimi niliyeiweka.

"Karibu ndani," nikamwambia. "Umeshakula?"