Aliyeshika Breki

Oili ya giaboksi hupungua. Huvuja, huungua, hunywewa na gari lenyewe kadiri linavyozeeka, na fundi yeyote atakwambia hivyo hata ukimwamsha usingizini. Kuongezeka, haiongezeki. Kwa hiyo Fundi Hashimu alipochomoa kijiti cha kupimia Jumanne ile, akakuta oili imepanda kidole kizima juu ya alama, alijilaumu mwenyewe kwanza.

Alikuwa na sababu. Gari lilikuwa Pijo yake nyeupe ya mwaka sabini na nane, gia otomatiki, aliyoinunua ikiwa mkweche na kuifufua kwa miaka sita kwenye gereji yake ya uani, huko Bigwa, pale mlima unapoanzia. Kijiti chake cha asili kilikuwa kimekatika mwezi uliopita. Hashimu akatengeneza kingine kwa waya wa chuma. Alimwaga oili yote, akaimimina upya lita kwa lita kwa jagi, akaipasha injini moto, kisha akachonga alama mbili kwa tupa, ya chini na ya juu. Siku hizo mikono haikuwa yake, na huenda alama alizikosea. Mkewe, Shadya, alikuwa amefariki miezi minane tu iliyopita, na nyumba iliyozoea maneno kutwa nzima ilikuwa imenyamaza tuli.

Kupima oili ya gari la namna ile ni kazi ya watu wawili. Gari lisimame tambarare, injini iwe moto na iungurume. Mmoja anakaa kwenye usukani, anakanyaga breki na kuipitisha gia kote, rivasi, nyutro, draivu, kisha anairudisha paki. Mwingine ameinama chini ya boneti anasubiri kuchomoa kijiti. Mtu mmoja anaweza pia, kwa kukimbiakimbia, lakini Hashimu hakuwahi kujifunza, maana wa usukani alikuwa Shadya. Hakuwa na leseni wala hakuitaka. Alikanyaga breki, akabadilisha gia kama alivyoambiwa, na kutoka pale kitini akampigia mumewe kelele kwamba chai inapoa.

Basi Jumanne ile Hashimu alipunguza oili mpaka ikakaa sawa, akafunga boneti. Jumatano ilikuwa imepanda tena. Alikifuta kijiti kwa kitambaa safi, akapima mara ya pili, akakileta puani. Oili iliyoungua hunuka vibaya, kila fundi anaijua. Hii ilinuka karafuu, na Shadya alikuwa mtoto wa Kinole, kwa wakulima wa karafuu.

Alhamisi, ukungu ukiwa umeshuka mlimani mpaka kwenye paa la gereji, aliwasha injini, akaiacha ipate moto, akainama chini ya boneti. Ulimi ukateleza kwa mazoea.

"Rivasi," alisema.

Gari likashtuka kidogo, kama linavyoshtuka gia inapoingia, na ukuta wa nyuma ukawa mwekundu kwa taa za breki. Hashimu akainua kichwa polepole, akazunguka boneti akiwa amekishika kijiti mkononi, akachungulia dirishani, akaona kanyagio la breki limezama mpaka chini na hakuna mguu juu yake, akaona kiti cha dereva kimebonyea katikati kama kinavyobonyea chini ya mtu mzima aliyekaa kwa starehe, na karafuu ikamjia usoni ikiwa baridi, baridi ya maji ya mtoni alfajiri.

Ukweli usemwe: aliogopa. Lakini nyuma ya hofu palikuwa na furaha, na furaha ile ndiyo iliyomponza.

"Nyutro," alinong'ona. Ikaingia nyutro.

Kuanzia hapo alipima oili kila jioni, ingawa hakukuwa na haja. Alizungumza na kiti. Alikieleza bei ya sukari, mgongo unaomuuma, na kijana aitwaye Maneno, wa bodaboda, aliyeleta pikipiki yake, akasimama getini akinusanusa, akasema atarudi, asirudi. Wateja wengine nao walikata mguu. Hashimu hakuwatafuta. Alikaa akisubiri jioni ifike, na aliona aibu kwa hilo, lakini alisubiri.

Raya, binti yake aliyeolewa Dumila, alipiga simu.

"Baba, unaongea na nani hapo?"

"Na gari tu, mwanangu."

"Mbona linakujibu?"

Kesho yake Bi Asia alibisha hodi, ametumwa na Raya, mganga wa Bigwa, bibi aliyeosha maiti ya Shadya pamoja na wanawake wenzake. Hashimu akamwamkia, shikamoo, akaitikiwa marahaba kwa sauti ya chini. Bibi alisimama mbali na gari. Alitia ubani kwenye chetezo, makaa yakazimika. Akayawasha tena, yakazimika. Akamtaka Hashimu amweleze yote, tangu kijiti kilipokatika.

"Siku ya kuchonga alama ulipima na nani?" aliuliza.

"Peke yangu. Ila... nilijisahau, Bi Asia. Nilisema, 'Ingia basi unishikie breki.'"

"Saa ngapi?"

"Adhana ya magharibi."

"Na mlango wa gari?"

"Ulikuwa wazi."

Bi Asia akaivuta kanga yake mpaka kidevuni. "Hashimu! Mtu mzima wewe! Hata mtoto anajua magharibi mtu haitwi bila jina. Yeyote apitaye hudhani ameitwa yeye."

"Pengine ni Shadya."

"Shadya yuko kwa Mola wake. Huyu ni mpita njia wa mlimani, na wewe umemkaribisha. Aliyekaribishwa hafukizwi na mganga. Mwenyeji ndiye amtoe kwa kinywa chake." Akasogea, akazidi kunong'ona. "Kesho Raya anakuja na mjukuu wako, wakae nawe mwezi mzima. Kabla hawajafika, wakati wa magharibi, fungua mlango umwambie shuka. Mara tatu. Usipomtoa, walio hai watakukimbia mmoja mmoja, mwisho wao mwanao wa kumzaa. Hatakuumiza. Anataka tu mbaki wawili."

Kesho yake magharibi Hashimu aliwasha injini, akafungua mlango wa dereva.

"Shuka," alisema. Taa za breki zikazimika, zikawaka.

"Shuka." Kiti kikaanza kuinuka. Karafuu ikapungua, ikabaki harufu ya petroli na vumbi, na Hashimu akausikia ukimya wa nyumba yake ukirudi, ukimya uleule wa siku waombolezaji walipokunja majamvi wakaenda zao, yeye akabaki na sahani moja ya kuosha.

Simu ikalia. "Baba, tumefika Msamvu," alisema Raya. "Umeshamtoa?"

"Nakuja kuwachukua," alijibu.

Neno la tatu lilikuwa mdomoni. Alikitazama kiti kilichoinuka nusu, kikingoja. Akawaza, kwani nani amesema hawawezi kukaa wote? Nyumba ni kubwa. Akaufunga mlango wa dereva taratibu, akazunguka, akakaa upande wa abiria.

"Twende tukampokee mtoto," alisema.

Stendi ya Msamvu ilikuwa na taa na watu tele, na watu wale waliliachia gari njia bila kuambiwa, wakirudi nyuma huku wakishika pua. Raya alikuwa amesimama kando ya basi liendalo Dodoma kwa njia ya Dumila, mtoto begani. Alimwona baba yake, akatabasamu, akapiga hatua mbili. Kisha akatazama kwenye usukani.

"Raya!" Hashimu aliteremsha kioo. "Pandeni, mama, nyuma kuna nafasi!"

Raya alimkumbatia mtoto kwa mikono yote miwili. Alirudi nyuma, akarudi tena, akilia, akitikisa kichwa, midomo ikisema kitu ambacho Hashimu hakukisikia, mpaka mgongo wake ukagusa basi. Akageuka, akapanda. Mlango ukafungwa.

Hashimu akashika kitasa ashuke amkimbilie. Mkono wenye baridi ukatua juu ya wake, kwa upole, ukabaki hapo.

Gia ikaingia draivu. Hashimu hakuwa amesema neno.