Spana ya Baiskeli

Mnyororo wa baiskeli ya Odile ulitoka katikati ya soko la Kisangani, wiki ya tatu tangu waasi waingie mjini, mwaka 1964. Mwalimu huyo wa mtaa wa Kabondo, kikwembe kipya cha bluu alichojifunga kiunoni kimelowa grisi hadi magotini, alikuwa karibu kulia.

"Mademoiselle, velo yako inakula kikwembe," alisema kijana aliyenuka petroli. "Achia miye."

Ndiye Sefu, fundi wa magari. Aliurudisha mnyororo kwa vidole viwili, akaondoka na moyo wa Odile. Sidanganyi, ilikuwa haraka hivyo.

Mwezi uliofuata waasi walianza kuwasaka makarani wa serikali. Papa Alphonse, baba yake Odile, alikuwa karani. Alijificha darini, na gari lake kuukuu la Pejo lilivuja maji. Lisingefika hata daraja la Tshopo bila kuchemka, sembuse msitu wa Masako walikotaka kukimbilia. Sefu alipata pampu nyingine ya maji, lakini bolti moja ya ile mbovu ilikuwa imejificha ndani kabisa, pasipofikiwa na spana yoyote.

"Chérie, niachie velo yako siku mbili."

"Ya kufanya nini?"

"Utaona."

Alichoona Odile kesho yake kilimkata maini. Akipita mbele ya kambi ya waasi, alimwona Sefu uvunguni mwa lori lao, akicheka nao. Baiskeli yake imeegemezwa ukutani, imeng'olewa usukani.

Sefu alipokuja, Odile alimzuia mlangoni. "Rudi kwa bandugu yako. Ulibaambia papa iko wapi?"

"Odile, sikia."

"Sisikie kitu. Nilikupenda, na leo ninajichukia."

Sefu alifungua tambara. Ndani mlikuwa na kipande cha bomba la usukani wa baiskeli. Mdomo wa bomba ulikuwa umepigwa nyundo ungali mwekundu kwa moto, juu ya kichwa cha bolti nyingine ya pampu ileile, hadi ukashika pembe zake zote sita, bomba likawa spana ndefu.

"Hii chuma inaomba moto mukali, na mivukuto iko kambini tu. Donc nilibatengenezea camion, baniachie moto."

Odile aliona aibu hadi akakaa chini. Sefu alilizamisha bomba ndani ya injini, akalizungusha polepole, na bolti ikalegea, akafunga ile pampu nyingine. Kufikia saa sita mchana gari lilinguruma bila kuvuja tone.

"Panda," Odile alimwambia.

"Siwezi. Barrage, kile kizuizi chabo cha daraja, iko tupu mpaka saa nane. Saa nane banaita majina kambini, na yangu iko mu liste ya bafundi yabo. Nikikosa, batafuata hii gari."

"Alors nabaki."

"Papa hajue hata kuongeza maji. Beba hii clé, bolti ikilegea hakuna ingine itafika. Ukirudi, nitakuoa."

Odile alijitahidi kutania. "Kwa padri ao kwa shehe?"

"Kwa ule tutakuta muzima."

Hakuna aliyecheka. Odile alipanda, akaikumbatia spana, ikamchafua kikwembe kilekile cha bluu, na Papa Alphonse, aliyekwisha kushuka darini, akatia gia. Nyuma yao Sefu aliishika kwa kiti baiskeli isiyo na usukani, ikimyumbia huku na huku, akaanza kuisukuma kuelekea kambini.