Spana Juu ya Boneti

Haya yalimpata rafiki yangu dereva, mtu asiyejua kutia chumvi. Fundi wake ana mazoea: akimaliza kazi hugonga boneti kwa spana mara mbili, yaani washa. Siku hiyo alibadilisha oili, akagonga kabla hajaikaza nati ya chini.

Rafiki yangu akaenda kumchukua mama yake, aliyepoteza sauti kwa kiharusi, ampeleke hospitali. Wakiwa wote njiani, oili ikavuja yote. Injini ikalia kama debe lenye mawe, ikafa. Giza likaingia, hata usukani hauonekani. Akachomoa ufunguo.

Boneti ikagongwa mara mbili, kutoka ndani.

Kwenye kiti cha nyuma, mama yake akasema taratibu, “Washa, mwanangu. Fundi keshamaliza.”