Chatu wa Stephania

Siku mabeseni ya plastiki yalipofika kwenye duka la ushirika mjini Kigoma, foleni ilitoka mlangoni ikashuka hadi karibu na stesheni. Mvua zilikuwa zimeshika. Kuruthumu binti Sefu, mhudumu wa zahanati, alisimama pale tangu asubuhi akiwa na gauni la maua mekundu, na khanga aliyojitanda ilikuwa imelowa hadi ikamgandia mabegani. Mbele yake alikuwapo kijana mrefu aliyevaa suruali bugaluu ya msaada, fupi hata vifundo vya miguu vilikuwa nje. Muuzaji alipotangaza kwamba limebaki beseni moja, la bluu, kubwa na lenye kina, zamu ilikuwa ya kijana yule.

Kuruthumu alimgusa bega, akamweleza kwamba dada yake amejifungua mapacha na hana chombo cha kuwaogeshea. Kijana akageuka. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu asiyelala.

"Nisamehe, dada. Nina mgonjwa nyumbani. Asipopata joto, atakufa."

"Mtoto?"

"Chatu."

Foleni ilicheka. Kuruthumu naye alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki, akanyamaza.

Alimfuata hadi mtaa wa Buzebazeba ili aone kama ni kweli. Njiani akajua kwamba anaitwa Kalisti, kwamba ukoo wake ni Wabembe wa Kongo waliohamia Rumonge, ng'ambo ya ziwa, zamani, na kwamba mwaka uliopita, watu walipokuwa wakiuawa Burundi, alivuka ziwa na kikapu kimoja tu. Sasa alikuwa msaidizi wa fundi umeme kwenye karakana moja bandarini, na amepanga chumba kwa Mama Veneranda.

Chatu alikuwapo kweli, kwenye sanduku chini ya kitanda, mdogo bado, unene wake kama mpini wa jembe. Alikuwa akipumua mdomo wazi na mapovu yakimtoka puani. Kuruthumu alisimama mlangoni, akaapa kwamba hatasogea hata hatua moja. Baada ya muda mfupi alikuwa amepiga magoti, ameshika beseni lisiyumbe, huku Kalisti akilitoboa matundu ya hewa kwa msumari wa moto.

Kalisti alitengeneza kifuniko cha mbao na wavu wa dirisha. Akalikalisha beseni juu ya matofali, na chini yake, upande mmoja tu, akaweka debe lenye taa ya umeme ndani. Juu ya debe alitandaza mchanga ili plastiki isiyeyuke. Alieleza kwamba nyoka hana joto lake mwenyewe, huliazima. Kwa hiyo lazima apate upande wa moto na upande wa baridi, achague. Kuruthumu aliingiza mkono kwenye beseni tupu na kupima kwa kifundo cha mkono, kama mtu anayepima maji ya kumwogeshea mtoto, akasema upande ule umezidi, taa ishushwe kidogo. Kalisti akaishusha.

"Kwa nini unampenda hivi?" aliuliza Kuruthumu.

"Ni amana," alijibu Kalisti. Hakusema ya nani.

Chatu alipata nafuu, akameza kifaranga. Kuruthumu alikuwa wa kwanza kuarifiwa, kwa simu ya karakana iliyoita hadi zahanati, na mganga wa zahanati akamtazama jinsi alivyoutabasamia ukuta. Tangu hapo simu zikawa nyingi.

"Mke mwenzangu ameamkaje?" alikuwa akiuliza Kuruthumu kwa sauti ya chini.

"Amekula, mpenzi. Anakusalimu."

"Mwambie namwonea wivu. Yeye analala kwako."

Jioni walitembea ufukweni Kibirizi, wanawake wakianua dagaa mchangani, na Kalisti alikuwa akicheka kama mtu anayejifunza upya. Lakini Mzee Sefu, baba yake Kuruthumu, aliposikia habari zile huko Kasingirima, Ujiji, alimwambia bintiye waziwazi kwamba hataki mkwe asiye na ndugu, asiye wa dini yao, na anayefuga nyoka.

Ndipo dizeli ya mitambo ikaadimika na umeme wa mji ukakatika. Mvua haikukoma. Kalisti alijaza chupa maji ya moto, akazivika magunia na kuzipanga chini ya beseni. Alfajiri na jioni alizibadilisha yeye. Adhuhuri, yeye akiwa kazini, Kuruthumu alikuja mbio kutoka zahanati, akachemsha maji kwenye jiko la Mama Veneranda na kuzibadilisha. Hakumgusa chatu hata siku moja. Alimsogeza kwa kijiti.

Siku moja Amuri, mwenye mtumbwi wa kuvusha wafanyabiashara, alimtania Kuruthumu kwamba ana kazi kubwa, kwa maana Kalisti humsihi kila mwenye chombo amtafutie Stephania wake ng'ambo. Kuruthumu alikwenda kwa Kalisti moja kwa moja.

"Stephania ni nani?"

Kalisti alikuwa akifunga gunia kwenye chupa. Mikono yake ilisimama.

"Usiniulize hilo, Kuruthumu."

"Ni mkeo?"

Kalisti akachukua chupa nyingine, akaanza kuifunga. Kuruthumu alingoja, akangoja tena, kisha akajitanda khanga yake na kuondoka.

Hakurudi. Mama Veneranda alikuwa amesafiri kwenda Kasulu kumwona bintiye, na msimamizi wa karakana alikwisha kumwonya Kalisti kuhusu kutoroka kazini. Siku ya tatu ya baridi, simu iliita zahanati.

"Njoo ubadilishe chupa leo tu," alisema Kalisti. "Asubuhi hakuinua kichwa. Ukishambadilishia, nichukie utakavyo. Nakuomba."

"Mwite Stephania aje," alisema Kuruthumu, akakata simu.

Alilia chooni, akanawa uso, akarudi kugawa dawa. Mama Veneranda alikuwa kwenye benchi la wagonjwa, ameshuka garini asubuhi ile na homa ya njiani. Alimwuliza Kuruthumu ana nini. Kuruthumu alipotaja lile jina, mama yule alishangaa.

"Mwanangu, Stephania ni mdogo wake. Kibinti tu. Ndiye aliyemwokota huyo nyoka shambani akiwa mdogo kama kidole, akamlea. Walipotezana siku ya kukimbia."

Kuruthumu aliacha sinia la dawa pale pale. Alikimbia kwenye tope hadi kiatu kimoja kikabaki njiani. Chumbani chupa zilikuwa baridi kama mawe. Jikoni kuni zilikuwa mbichi, moto ukakataa. Basi akafungua kifuniko, akamtoa chatu kwa mikono yake miwili, akafungua gauni kifuani na kumlaza juu ya ngozi yake. Akajifunika khanga na blanketi la Kalisti, akaketi akimbembeleza. Aliuhisi mwili ule ukisogea mara moja mbavuni pake. Haukusogea tena.

Hivyo ndivyo Kalisti alivyomkuta alipotoka kazini.

"Nimechelewa," alisema Kuruthumu. "Nisamehe. Lakini Stephania tutamtafuta. Nitakwenda na wewe."

Kalisti alikaa chini, akaegemeza kichwa kwenye magoti ya Kuruthumu.

"Stephania alikufa," alisema. "Nilimwona, pale ufukweni. Nilikiokota kikapu chenye nyoka wake, yeye nikamwacha, kwa sababu wauaji walikuwa wanakuja. Hao wenye mitumbwi nawatuma ili kila mmoja arudi aseme bado hajamwona. Nikisikia hivyo, napata usingizi."

Kisha akalia, kilio cha sauti kubwa ambacho hakuwa amekilia tangu avuke ziwa. Kuruthumu alimshika hadi kilipopungua. Wakamzika chatu nyuma ya nyumba, kisha Kuruthumu akamshika Kalisti mkono kumpeleka kwa baba yake, Kasingirima.

Mzee Sefu alikuwa barazani. Kalisti alimwamkia, "Shikamoo, mzee." Kuruthumu akaeleza mwenyewe, bila kuficha kitu. Mzee aliiweka tasbihi yake magotini. Aliuliza jina la marehemu na umri wake, akauliza kama kuna mtu yeyote aliyemlilia. Kalisti akatikisa kichwa.

"Basi tandikeni mikeka," alisema mzee. "Hapa Ujiji mtu hafiwi peke yake."

Majirani walikuja, Waislamu na Wakristo, wakakaa matanga ya mtoto ambaye hawakupata kumwona. Kinamama walimwuliza Kalisti mtoto huyo alikuwaje, naye akawaambia: alivyoiba sukari, alivyoimba ovyo kanisani, alivyokataa kulala bila hadithi. Kuruthumu, upande wa wanawake, alisikiliza akifuta machozi kwa ncha ya khanga.

Siku ya kuanua matanga Kalisti alimkabili Mzee Sefu, akasema kwamba anampenda Kuruthumu na hana ndugu wa kumtuma.

Mzee alizungusha tasbihi vidoleni. "Dini ni jambo la kuzungumzwa, na halizungumzwi msibani," alisema. "Nenda kapumzike. Ukirudi, rudi na mshenga."

Amuri, aliyekuwa akikunja mikeka pembeni, akaiweka chini.

"Mshenga ni mimi, mzee," alisema. "Tutakuja Ijumaa."