Mikono ya Dirishani

Kila siku baada ya shule Chiriku alitumwa kununua mkate, na kila siku alizunguka kwa njia ndefu ya sokoni. Njia ya mkato ilikuwepo, lakini ilipita mbele ya dirisha la fundi wa viungo bandia. Humo, nyuma ya kioo chenye vumbi, mikono ilining'inia kwenye waya kama nguo zilizoanikwa: mikubwa, midogo, mingine haijapakwa rangi. Chini yake nyayo zilipangwa mstari, vidole vimeelekea barabarani. Watoto walimwita fundi huyo Bwana Mikono, na hakuna aliyewahi kumsikia akiongea.

Chiriku, aliyepewa jina hilo na mama yake kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo, ndiye aliyewasimulia wenzake kwamba mara moja alipopita hapo, mkono mmoja ulimkunjia vidole, ukamwita kwa jina. Basi habari ikashika moto. Watoto wakawapelekea wazazi, wazazi wakampelekea mwenye nyumba, na sasa fundi alikuwa ameambiwa ahame ifikapo Jumamosi.

Siku ya Alhamisi, mwalimu wa Kiingereza aliandika ubaoni maneno matatu: "kind", "gentle" na "harmless". La kwanza, alieleza, ni la mtu mwema, la pili ni la mtu mpole, na la tatu ni la mtu asiye na madhara.

"Kila mmoja amtafute mtu wa mtaani anayestahili neno lake, kesho atuambie kwa nini. Na awe amemwona kwa macho yake, si kwa kuambiwa."

Chiriku aliangukiwa na la tatu. "Mimi nimeshampata, mwalimu. Mdogo wangu. Hana hata meno."

Darasa likacheka, na mwalimu naye akatabasamu. "Huyo hawezi kukudhuru hata akitaka. Nitafutie mtu ambaye angeweza, ila hamtakii mtu mabaya."

"Mlete Bwana Mikono," alinong'ona jirani yake wa dawati.

Wakacheka tena, lakini Chiriku hakucheka. Alijua jambo ambalo wenzake hawakulijua. Vidole vilikunjika kweli, ila jina lake halikuitwa. Hilo aliliongeza mwenyewe ili hadithi inoge.

Jioni ile alishika njia ya mkato, miguu mizito. Wingu la mvua lilikuwa limetanda, na mtaa mzima ulikuwa kimya. Alipofika dirishani, mkono mdogo wa mwisho kwenye waya ulifumba vidole. Ukavifumbua. Ukavifumba tena polepole, kimoja baada ya kingine, hakuna mtu aliyeugusa. Chiriku akageuka atimue mbio. Mlango ukalia kwii, na sauti ya mnong'ono ikatoka gizani.

"Ingia au nenda, mwanangu. Usisimame tu hapo."

Alijikuta ameingia. Mle ndani mlinuka gundi, na kila alipogeuka kiganja kigumu kilimgusa bega. "Hodi," alisema, akiwa tayari yuko katikati ya chumba.

"Karibu." Fundi alitokea nyuma ya pazia. Shingoni alikuwa na kovu nene, na sauti yake haikupanda zaidi ya mnong'ono. Kidoleni alikuwa amejifunga uzi mwembamba wa chuma uliopita ukutani hadi dirishani. Aliuvuta, na mkono mdogo ukafumba vidole.

"Shikamoo, fundi. Unaufanya nini?"

"Marahaba. Nauzoeza. Mkono mpya ni mgumu, unaweza kumbana mtu. Huu ni wa msichana wa miaka sita. Siutoi mpaka ushike yai bila kulivunja."

Chiriku akaona maboksi yamefungwa kamba karibu na mlango. "Utamaliza kabla ya kuhama?"

"Wapi! Na mama yake anatoka mbali. Akija akakuta nimeondoka, sijui atanipata wapi." Fundi akamtazama. "Wewe si ndiye uliyeitwa na mkono?"

"Ulijua? Mbona hukunisema kwa mama?"

"Ulikuwa umeogopa, mwanangu. Sina kinyongo nawe." Akauvuta uzi tena. "Ila nikuulize. Mkono huu nauzoeza wiki nzima ili usimuumize mtu. Mdomo wako anauzoeza nani?"



Kesho yake Chiriku alisimama mbele ya darasa. "Neno langu nampa fundi wa mikono. Alijua nimemzushia, na angeweza kunisema nyumbani nikaadhibiwa. Hakunisema. Mkono ule unavutwa kwa uzi, nimeuona. Kuniita jina, hilo nilitunga."

"Kumbe muongo," alisema mmoja nyuma, na Chiriku akaona aibu mpaka masikio yakamchoma.

Mwalimu alimwacha akae, kisha akamuuliza taratibu, "Sisi umetuambia. Mwenye nyumba je?"

Jioni Chiriku alimweleza mama yake, akapelekwa kwa mwenye nyumba, akarudia yote mbele ya wazazi waliokuwa wamelalamika. Wengine waliinamisha vichwa, kwani hakuna hata mmoja aliyewahi kubisha mlango wa fundi. Mwenye nyumba akaenda mwenyewe kumwomba radhi, akamsaidia kufungua maboksi.

Njiani kurudi Chiriku alikuwa akilia. "Sasa shule nzima wananiita Muongo."

"Wataacha," mama alisema. "Wewe umeona aibu siku moja. Yeye wiki nzima amesikia watoto wakipiga mayowe mlangoni pake, na wewe ulikuwa unalala usingizi mnono. Kitu kikikutisha, sema ulichokiona, uishie hapo. Hicho unachoongeza ndicho kinachoumiza watu."

"Nimesikia, mama," alisema Chiriku, na mpaka wanafika nyumbani hakuongeza neno.